Agizo la Saa Tatu na Dakika Kumi

MAELEZO YA SHAHIDI

Anayetoa maelezo: mwanamume, kazini anajulikana kwa jina la Magurudumu
Umri: miaka 43
Kazi: mbeba wagonjwa, hospitali kuu
Elimu: darasa la sita
Makazi: chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha mbao, kwao ni mwendo wa siku mbili kwa basi
Mahali: chumba cha upelelezi, kituo cha polisi
Siku: Jumamosi, tarehe 16, asubuhi
Kuhusu: kifo cha mama mmoja, fundi cherehani, katika wodi ya wazazi

Mimi ndiye mtajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimeelewa. Nimemwomba afande ayaandike maelezo yangu kwa kalamu, asitumie kompyuta iliyo mezani kwake. Amecheka, lakini amekubali. Mimi sikuwa natania.

Huu ni mwaka wangu wa nane katika hospitali kuu. Mwajiri wangu si hospitali, ni kampuni inayoleta wasafishaji na wabeba wagonjwa. Nasukuma machela, napeleka sampuli maabara, naleta damu na mitungi ya oksijeni, na waliofariki nawapeleka chumba cha maiti. Jina la Magurudumu nilipewa na Sista, yule mnayemshikilia humu ndani tangu jana jioni.

Naomba iandikwe Sista ni nani, maana kwenye jalada lenu naona ameandikwa "mtuhumiwa" basi. Huyu ni muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. Nilipoanza kazi alikuwa anafunga kiunoni kamba yenye funguo zote za wodi: kabati la dawa, friji, stoo ya vifaa. Ulimsikia kabla hujamwona. Akisema, "Magurudumu, damu," nilikwenda dirishani, nikasema Sista anataka damu, nikapewa, nikarudi mbio. Karatasi zilifuata mtu akishapona. Hata madaktari walimwogopa. Daktari kijana akiagiza kitu kisichofaa, Sista alimvuta pembeni, "Mwanangu, hebu fikiri tena kidogo," na yule kijana alifikiri tena.

Kisha ukaja mfumo.

Tuliitwa ukumbini wote, tukapewa soda. Katibu wa hospitali akasimama mbele akasema kuanzia sasa kila kitu kitapita kwenye kompyuta, na kila mtu atakuwa na ngazi yake. Madaktari bingwa na wakuu wako ngazi ya juu, wao wanaagiza. Wauguzi wako ngazi ya kati, wao wanatekeleza. Sisi wa machela tukapewa kadi ya kugusisha mlangoni, ili ijulikane tuko wapi na tumechelewa kiasi gani.

Sista akanyoosha mkono. "Na daktari akiwa hayupo?"

Katibu akamjibu, "Sista, daktari hawezi kuwa hayupo. Yuko kwenye ratiba."

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi pia nilicheka, sikujua nacheka nini. Mwisho wa mkutano funguo zikakusanywa kwenye boksi la viatu. Sista alifungua kamba kiunoni akaitumbukiza yote, akatoka bila kumaliza soda yake.

Nimeulizwa kama mimi naupinga mfumo. Ninajibu kwamba mimi siujui mfumo kiasi cha kuupinga. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile watu walibadilika kimo bila kukua. Kijana aliyekuwa anatengeneza simu kando ya lango ndiye sasa anaitwa Bwana Mfumo. Ana chumba chenye kiyoyozi kizuri kuliko cha chumba cha watoto njiti, na Katibu husimama yeye akiingia. Na Sista, aliyezalisha nusu ya mji huu, akitaka hata kidonge kimoja lazima kwanza mtu mwingine amruhusu.

Sasa nitaeleza kuhusu namba ya siri, maana hiyo ndiyo mnayosema aliiba.

Daktari bingwa wa wodi ile hakutaka kuandika kwenye kompyuta. Alisema mbele yetu sote, "Mimi nimesomea watu, sikusomea ukarani." Akamtajia Sista namba yake ya siri katikati ya wodi, kwa sauti, wagonjwa wanasikia. Kuanzia hapo daktari alikuwa anapita kitanda hadi kitanda akisema kwa mdomo, Sista nyuma yake anaandika kwa jina la daktari. Baadaye daktari akaacha hata kupita. Ana kliniki yake upande wa pili wa mji. Akawa anapiga simu kutoka huko. "Sista, ingia kwa jina langu, andika hivi na hivi."

Kila mtu alijua. Katibu alijua, Bwana Mfumo alijua, paka wa jikoni alijua. Tulimtania Sista tukamwita Vidole vya Dokta. Yeye alijibu, "Afadhali mimi ni vidole. Wengine humu ni makalio matupu." Wagonjwa walipopona, kwenye kompyuta ilionekana daktari amewaponya, na mwisho wa mwaka yeye ndiye aliyepewa ngao ya mfanyakazi bora. Jambo likienda sawa, jina ni la daktari. Limekwenda kombo juzi tu, na vidole vimekamatwa siku ya pili yake. Afande, mtu anaibaje kitu alichovishwa shingoni na mwenye nacho?

Nimeambiwa nitulie na nieleze niliyoyaona. Sawa.

Mnamo tarehe 14, siku ya Alhamisi, asubuhi, niliitwa chumba cha kujifungulia kumchukua mama aliyejifungua alfajiri, mtoto wa kike. Ni mama fundi cherehani, ana kibanda chake jirani na stendi. Lifti ilikuwa imekufa, kama kawaida yake, kwa hiyo tukapita njia ya mteremko. Alikuwa mzima, mchovu tu. Mama yake mzazi alitembea nyuma amembeba mtoto.

Kwenye kona machela iligonga ukuta. Akasema, "Kaka, taratibu, mimi si gunia la mkaa."

Nikamwambia, "Gunia halilalamiki, dada."

Akacheka. Akaniangalia hapa kifuani. "Mfuko wako umechanika. Hospitali nzima hakuna sindano?"

"Sindano ziko nyingi, za kushona ndiyo hakuna."

"Nikitoka ulete. Nitakushonea, sitakutoza."

Tulifika mlango wa wodi ya wazazi, nikagusisha kadi. Pale mlangoni kuna kioo kidogo, ukigusisha kinakuonyesha jina lako na saa. Kilionyesha saa tatu na dakika ishirini na mbili. Nakumbuka kwa sababu mimi siku zote nakitazama kile kioo. Mwezi uliopita nilipewa onyo kwamba natembea polepole, na lifti ikiwa mbovu mashine haihesabu lifti, inanihesabu mimi. Naomba afande aipigie mstari saa hiyo. Nitairudia.

Nilimsaidia Sista kumlaza. Damu iliyokuwa inatoka ilikuwa ile ya kawaida, Sista alimkagua mbele yangu, akamwambia, "Uko vizuri, mama." Nikaondoka na kazi nyingine, kumpeleka mzee mmoja kwa kiti cha magurudumu akapigwe picha ya kifua.

Niliporudi kuchukua machela yangu ilikuwa inakaribia saa nne. Shuka la yule mama lilikuwa jekundu hadi kwenye godoro. Sista alikuwa amepanda kitandani kwa goti moja, anamkanda tumbo kwa mikono miwili, nesi msaidizi anamwekea maji mishipani. Sindano ya kuzuia damu ambayo Sista aliruhusiwa kumchoma alikwisha kumchoma. Sista akamwachia msaidizi tumbo, akaruka kwenye simu ya mezani. Simu ile mkono wake umevunjika, husikika kwa spika tu, kwa hiyo nilisikia kila neno, na wodi nzima ilisikia.

"Dokta, fundi cherehani anavuja sana. Nahitaji damu sasa hivi."

"Ingia kwa jina langu, agiza chupa mbili. Nakuja."

"Uje kweli, Dokta."

"Sista, nimesema nakuja."

Akajaribu kuingia kwa jina la daktari. Ikakataa. Akajaribu tena, mikono imejaa damu, anafuta vidole kwenye gauni, anabonyeza. Ikakataa. Kompyuta ikaandika kwamba namba imepitwa na muda na mpya imetumwa kwenye simu ya daktari. Sista akapiga tena. Daktari akapokea.

"Dokta, imekataa. Wamekutumia namba mpya kwenye simu yako. Nisomee."

"Subiri, nina mgonjwa mbele yangu."

"Hata mimi ninaye!"

Simu ikakatika. Alipopiga tena iliita mpaka ikachoka. Alipiga na kupiga. Daktari hakupokea tena, na asubuhi ile hakuna mwingine wa ngazi yake aliyekuwa zamu.

Sista akanigeukia. "Magurudumu, damu." Vile vile kama zamani. Nikachukua kisanduku cha barafu nikakimbia.

Kwenye dirisha la benki ya damu alikuwepo mhudumu ambaye nafahamiana naye miaka yote, tunakula meza moja. Sampuli ya yule mama ilikuwa imepimwa tangu alfajiri. Kundi lilijulikana, chupa mbili zilikuwa zimetengwa kwa tahadhari kwenye friji na kibandiko chenye jina lake. Nikamwambia, "Sista anataka damu ya fundi cherehani."

Akatazama kompyuta. "Haijaonekana."

"Namba ya daktari imekataa. Nipe, itafuata."

"Ndugu yangu, haijaonekana." Akaigeuza kompyuta nitazame mwenyewe kupitia kwenye kioo. Mimi ni mtu wa darasa la sita, lakini kusoma najua. Palikuwa na jina la yule mama, na mbele yake palikuwa peupe. Ilikuwa imeshapita saa nne. Hapakuwa na agizo lolote la daktari yeyote.

Simu ya dirishani ikalia. Alikuwa Sista. Nilimsikia yule mhudumu akimjibu, "Sista, bila agizo lebo ya kutolea damu haichapwi, na chupa isiyo na lebo ikitoka mlango unapiga kengele na jina langu linakwenda kwa Katibu. Wiki iliyopita mwenzangu amefukuzwa kwa hilo hilo." Sista akamwambia kitu. Akajibu, "Najua, mama. Najua. Mpigie Bwana Mfumo."

Sista alimpigia Bwana Mfumo, nesi msaidizi alikuwepo na mnaweza kumwuliza. Jibu alilopewa ni kwamba namba ya daktari haifunguliwi mpaka daktari mwenyewe aombe, na kama kuna tatizo, Sista aingie kwenye mfumo aandike malalamiko. Aingie kwenye mfumo, afande. Mlango umefungwa, unaambiwa ingia ndani ukaandike kwamba mlango umefungwa.

Huku dirishani yule mhudumu alifungua friji akazitoa zile chupa mbili akaziweka mezani upande wake. Akaweka kiganja juu yake. Jasho lilikuwa linamtiririka na chumba kile kina baridi. Akasema, "Ikitokea tu nakupa. Sekunde ile ile nakupa." Macho yake kwenye kompyuta, yangu kwenye damu. Kati yetu kulikuwa na kioo tu, chenye tundu la kupitisha mkono. Nimebeba mitungi ya oksijeni miaka minane, kioo kile ningekivunja kwa kiwiko. Sikukivunja. Nilisimama nimeshika kisanduku kama mtu aliyetumwa chumvi dukani.

Sista mwenyewe akaja mbio, viatu mkononi. Akapitisha mkono kwenye tundu, akamwambia yule mhudumu, "Mdogo wangu, mimi ndiye niliyemzalisha mke wako. Nipe."

Yule mhudumu akaanza kulia. Akaziinua zile chupa, akaanza kuzisogeza. Simu ikalia. Alikuwa nesi msaidizi. Alisema neno moja, "Rudini."

Sista akanipokonya kisanduku, akakibeba mwenyewe kurudi wodini, kitupu.

Nilipofika wodini walikuwa wameshamfunika. Mama yake mzazi alikuwa kwenye benchi la korido na mtoto. Akaniuliza, "Baba, damu imekosekana?"

Nikamwambia, "Ipo."

Akaniangalia. "Ipo?"

Ningependa Katibu aende akamjibu.

Daktari aliingia tulipokuwa tunamhamishia marehemu kwenye machela. Funguo za gari bado ziko mkononi. Hakuja kitandani. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya wauguzi, akatoa simu yake, akaitazama, akakaa kwenye kompyuta akaanza kuandika. Mimi nilishangaa, maana sijawahi kumwona daktari yule akiandika. Alikuwa anatafuta herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa punje. Nilipita nyuma yake nikisukuma machela. Hakugeuka kuniona, na hakumwona aliyelala juu yake.

Siku ya pili yake, Ijumaa, niliitwa ofisini kwa Katibu. Nilimkuta yeye na msimamizi wa kampuni yetu. Katibu akanionyesha kompyuta. Palipokuwa peupe sasa pameandikwa. Daktari ameagiza chupa mbili za damu, Alhamisi, saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Katibu akasema, "Agizo hili hapa. Lilikuwepo mapema kabisa. Damu haikufika. Wewe ndiye mleta damu. Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa dirishani na agizo halikuwepo.

"Mashine inasema lilikuwepo."

"Mashine haikuwepo dirishani. Mimi nilikuwepo."

Msimamizi wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Akaniambia, "Ndugu yangu, hakuna anayekusingizia. Hapa kuna mambo mawili. Ama ulitumwa ukachelewa, ama hukutumwa. Kama hukutumwa, kosa si lako." Halafu tulipotoka nje akanishika bega. "Sema tu Sista hakukutuma. Yeye ana cheti, kesho anapata kazi popote. Wewe una nini? Mkataba wako unaisha lini vile?"

Nikamjibu kwamba mkataba anaujua yeye. Jioni ile ile nikasikia Sista amekamatwa kwa uzembe uliosababisha kifo, na kwa kutumia namba ya daktari bila idhini.

Nilikwenda kumngoja yule mhudumu wa dirishani alipotoka zamu. Nikamwuliza inakuwaje agizo lililoandikwa baada ya mtu kufa lionekane la asubuhi. Akatazama huku na huku. Akaniambia kwamba sisi wa ngazi ya chini tukifanya jambo, mashine inatuandikia saa yenyewe na hatuwezi kuigusa. Lakini wakuu wana nafasi ya kuijaza saa wenyewe, kwa sababu siku ile ya kuletwa mfumo walisema wao wana shughuli nyingi na wataandika wakipata nafasi. Kwa ufupi, sisi mashine inatuambia saa, wao wanaiambia mashine saa.

Nikamwuliza, "Utayasema haya polisi?"

"Nina watoto, Magurudumu."

"Hata mimi ninao."

"Wako wako mbali. Wangu wataniona nikifukuzwa."

Akaondoka. Sikumlaumu sana. Nilimlaumu kidogo.

Usiku nimelala naigeuza ile saa tatu na dakika kumi kichwani, ndipo nikaiona. Njia ya mwongo ni fupi, afande. Daktari alitaka ionekane aliagiza mapema, akachagua saa ya mapema. Lakini hakuwepo, kwa hiyo hakujua mgonjwa alianza kuvuja lini, wala alifika wodini lini. Saa tatu na dakika kumi yule mama alikuwa bado hajafika wodini. Mimi namsukuma kwenye mteremko, mzima, ananiambia yeye si gunia la mkaa. Tuligusa mlango saa tatu na dakika ishirini na mbili. Daktari anasema aliagiza damu kwa ajili ya mtu asiyevuja, kwenye wodi ambayo hakuwa amelazwa, na Sista akazembea kuitekeleza. Mtabiri wa namna hii ni wa kutafutiwa kibanda sokoni, si wa kukaa hospitali.

Nimeulizwa kwa nini neno langu liaminiwe kuliko la daktari bingwa. Ninajibu kwamba lisiaminiwe. Nendeni mkaangalie saa ya mlango. Ile saa si ya ngazi yao, ni ya ngazi yangu. Imeandikwa na mashine yenyewe, na mimi sina uwezo wa kuibadilisha, hilo wamelihakikisha wao. Miaka yote imenihesabia hatua zangu kama mfungwa. Leo nataka initetee. Ila nendeni leo, kabla Bwana Mfumo hajakumbuka milango.

Naiacha kadi yangu ya kazi hapa mezani ichukuliwe kama kielelezo.

Nimeulizwa kama nina ugomvi wowote na daktari. Sina. Hatujawahi kusalimiana. Nina hasira, hiyo ninayo, na sitaki iandikwe kwamba shahidi alikuwa mtulivu. Yule mama alikufa damu yake iko mezani, ina jina lake. Iliyokosekana ni ruhusa ya mtu aliyekuwa upande wa pili wa mji. Na aliyefungiwa ni yule peke yake aliyevua viatu akakimbia.

Nimeulizwa kama kuna la kuongeza. Mfuko wangu huu hapa, bado umechanika. Nimemwonyesha afande.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa yote kwa sauti, nimesahihisha mahali palipoandikwa "mgonjwa" paandikwe "mama fundi cherehani", na sasa naweka sahihi yangu kwa mkono wangu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAONI YA AFISA ALIYECHUKUA MAELEZO

Maelezo haya nimeyaandika kwa kalamu kama shahidi alivyoomba. Aliyatoa kwa hiari. Kama alivyotaka, naandika kwamba hakuwa mtulivu.

Kadi imepokelewa kuwa kielelezo. Mara baada ya sahihi nilikwenda hospitali kuu pamoja na shahidi ili kuzuia kumbukumbu za milango zisiguswe. Kwenye lango nilimpa kadi aijaribu mbele yangu. Taa iliwaka nyekundu. Mlinzi alitazama kompyuta yake, akaniambia, "Afande, mtu huyu hayupo." Shahidi alikuwa amesimama mbele yake, umbali wa mkono. Nilimwuliza mlinzi tangu lini hayupo. Alijibu tangu asubuhi hii.

Kumbukumbu ya mlango wa wodi ya wazazi imechapwa mbele yangu nikabaki nayo. Siku ya Alhamisi kadi hii iligusa mlango ule saa tatu na dakika ishirini na mbili asubuhi. Nimemjulisha mkuu wa kituo na nimeomba suala la dhamana ya muuguzi liangaliwe leo hii.

Tulipokuwa tunaondoka, mwanamume aliyevaa koti jeupe alitufuata kwa miguu kutoka dirisha la benki ya damu hadi kituoni. Amekaa kwenye benchi la nje, hataki maji wala kiti. Nilipomwuliza shida yake, alisema, "Andika na langu, afande, kabla hawajanizima na mimi."

Sahihi ya afisa: (imewekwa)